Askari Watatu wa Mteremko wa Lwangu

Kaeni vizuri, maana hukumu ya hadithi hii nitawaachia ninyi.

Katika mteremko wa Lwangu walikuwapo askari watatu wa usalama barabarani. Koplo Nyamizi alijaliwa macho ya kuona mbali. Sajenti Mwaipopo alijaliwa ulimi wa upole. Konstebo Machage alijaliwa utulivu. Hata nyuki angetua puani mwake, asingekurupuka.

Askari waliowatangulia walipenda kujibanza kwenye kona, penye kivuli, ili madereva wasiwaone. Nyamizi alikataa. Yeye alisimama chini, kwenye tambarare, juani.

"Utaungua, dada," Machage alimtania.

"Acha niungue. Watu wafike."

Asubuhi moja aliona pikapu ya kabichi ikiyumba, na lori likiifuata kwa karibu. Aliiacha imalize kona, akainua mkono mapema na kuielekeza kando kabisa ya barabara. Lori likapita salama. Angeisimamisha kwenye kona, lori lingeigonga.

Mwaipopo akasogea mlangoni kwa dereva. "Shikamoo, mzee. Mimi ni Sajenti Mwaipopo. Tumekusimamisha kwa sababu gari lako linayumba. Tafadhali zima injini, mikono uiweke kwenye usukani."

Dereva, Mzee Kapange, alifoka. "Mmeanza! Nyie mnataka chai tu!" Mguu wake ulikuwa tayari kukanyaga mafuta.

"Chai tumeshakunywa nyumbani, baba. Tunachotaka ni ufike."

Mzee akamtazama, akalegea, akazima injini.

Mara mkono wake ukazama chini ya kiti. Mwaipopo akaruka nyuma. "Ana silaha!"

Machage alikuwa kwenye dirisha la pili, rungu mkononi. Hakulinyanyua. "Mzee, tulia hivyo hivyo. Unatafuta nini?"

"Glu... glukosi."

Machage akatazama: jasho linamtiririka, vidole vinatetemeka, pombe hainuki. Akaitoa pakiti ya glukosi chini ya kiti, akaifungua, akamlambisha kidogo kidogo, kisha wakamkimbiza hospitali.

"Ana kisukari, na sukari ilishuka mno," daktari aliwaambia. "Mngemtupa mahabusu mkidhani amelewa, tungempoteza."

Habari zikafika kwa mkuu wa kituo. Chuo cha polisi kilikuwa kimemwomba askari mmoja tu, akawafundishe wanafunzi namna ya kusimamisha magari.

"Nisingechagua mahali, mngeongea na maiti," alisema Nyamizi.

"Nisingemtuliza, angezimia gari likikimbia," alisema Mwaipopo.

Machage akacheka. "Na mimi ningekuwa mwoga kama wewe, Sajenti, mzee angekula rungu badala ya glukosi!"

Mkuu akamwendea Mzee Kapange kitandani, akamwomba ushauri. Mzee akafikiri sana. "Mwanangu, uhai wangu ni mmoja. Nikatie vipande vitatu, nijue kipi ni cha nani."

Mkuu akarudi ofisini, na chuo bado kinasubiri jina.

Je, wewe ungemtuma nani?