Mtamba wa Wachimba Mtaro

Sogeeni karibu, kuna kesi imekosa hakimu.

Ndugu watatu wa milima ya Upare waliishi kwa kuchimba mitaro ya maji. Nakiete, dada mkubwa, alijua kuusoma udongo. Aliufinyanga kiganjani, akautemea mate kidogo, kisha akataja bei: mchanga hivi, mfinyanzi hivi, mwamba mara tatu ya mfinyanzi. Kangero alijua kuuzuia mchanga kwa fito usiporomoke. Mbazi, kitinda mimba, alivunja miamba: alikoka moto juu ya jiwe, likiiva akalimwagia maji baridi, likapasuka.

Kijiji kikataka mtaro wa bomba, kutoka chemchemi hadi zahanati. Nakiete akapima njia, kishimo kila hatua hamsini. Akafika kwenye shamba la mjane mmoja, mahindi yamepandwa jana. Kwao, mbegu ikilala ardhini, jembe la mgeni haligusi shamba mpaka iote. Akalizunguka. Huku mfinyanzi, kule mfinyanzi. Katikati napo akahesabu mfinyanzi.

"Dada, una hakika?" Kangero akauliza.

"Kwani ardhi itabadilika kwa sababu ya mahindi?"

Wachimbaji wengine walitaja bei kubwa, wakakataliwa. Ndugu hawa wakapewa kazi, bei ikafungwa.

Kangero akaanza bondeni, kwenye mchanga. Mara mbili ukamfukia hadi kifuani. Mara mbili akajichomoa, akasimamisha fito upya.

Mahindi yalipoota, mjane akawaruhusu kupita. Sururu ya Mbazi ikagonga, ng'a! Mwamba, shamba zima.

"Dada, mfinyanzi wako una meno!" akatania.

Akakoka moto siku kumi na mbili, kwa bei ya mfinyanzi. Siku ya mwisho kipande cha jiwe kikamrukia jichoni. Jicho halikupona.

Maji yakafika zahanati. Kijiji hakikuwa na fedha ya kuongeza, kikatoa shukrani ya mtamba mmoja wa ng'ombe, apewe anayestahili zaidi.

"Mchukue, Mbazi," Nakiete akasema. "Laiti ningemwomba yule mama kishimo kimoja tu."

"Ungekichimba, ungetaja bei ya mwamba, na kazi tungenyimwa. Wewe ndiye uliyetuleta hapa. Mchukue wewe."

"Na mimi niliyezikwa mara mbili?" akadakia Kangero. "Hata matanga hamkuniwekea!"

Wadogo wote wawili wakacheka. Nakiete hakucheka. Alimwona Mbazi akigeuza shingo nzima ili amtazame, akainamisha uso. Angetoa zizi zima jicho lile lirudi, lakini zizi hakuwa nalo.

Mpaka leo mtamba yule analishwa na wote watatu, na hana mwenyewe.

Haya, nyinyi mliosikia: yupo aliyewapatia kazi kwa bei yake, yupo aliyeuzuia mchanga, yupo aliyeacha jicho mwambani. Je, wewe ungemkabidhi nani kamba?