Bi Kindi na Shimo Lisilosahaulika

Hapo zamani za kale, wanangu, mwaka ambao nyika ilikauka mpaka nyasi zikawa kama majivu, palikuwa na mjane aitwaye Bi Kindi. Mumewe alinyakuliwa na tai. Kabla ya hapo walikuwa wamefukia njugu pamoja, mahali thelathini. Sasa aliishi peke yake, na siku zilipita bila yeye kuisikia hata sauti yake mwenyewe.

Asubuhi moja akasikia kishindo, tifu, tifu, tifu. Ngiri alikuwa mlangoni na meno yake yaliyopinda.

"Bi Kindi, niambie njugu ziko wapi, au nabomoa nyumba."

"Keti, bwana. Nitakutajia kote."

Akamtajia kweli, bila kuficha.

"Chini ya mkwaju, hapo mume wangu alicheka mpaka akaanguka. Kando ya jiwe jeupe; hapo tuligombana. Penye kichuguu, hapo ndipo nilipomwona mara ya mwisho." Akaendelea hadi pa thelathini.

Ngiri akatoka mbio. Akafukua mkwajuni, akala. Kisha akasimama, akageuka huku, akageuka kule. Mashimo mengine yote yalikuwa yamemtoka kichwani.

Akarudi ananung'unika. "Wewe unakumbukaje?"

"Mimi niliishi pale, bwana. Kwako wewe ni mashimo tu, na kichwa hakitunzi kisichokigusa. Lakini lipo shimo moja hutalisahau kamwe. Nenda kwenye mgunga mrefu, uchimbe kwa pua."

Ngiri akaenda, akazamisha pua ardhini. Kumbe siafu walikuwa wamepiga kambi humo. Alikimbia akilia, pua imevimba kama kibuyu.

Siku chache baadaye siafu wakahama. Bi Kindi akahamishia njugu zake zote zilizobaki pale, moja moja. Ngiri naye, kila alipouona mgunga ule kwa mbali, pua ilimwasha, akapita njia nyingine. Ikawa hivyo hadi uzee wake.

Kiangazi chote Bi Kindi alishiba. Hata hivyo, kila jioni aliyazungukia yale mashimo matupu. Penye kichuguu alikaa muda mrefu kuliko kwingine, kisha akarudi nyumbani polepole.

Wanangu, kilichougusa moyo ndicho ambacho kichwa hukipa mahali pa kukaa.