Mtoto Aliyeuzunguka Mtungi

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa?
Tumekaa!
Na aliyeanza kusinzia?
Tumfinye!

Basi mfinyeni, maana hapo zamani, zamani za wanyama kusema na watu kuwajibu, alikuwako mfinyanzi jina lake Nakunda. Alikuwa na mtoto mmoja, Mvungi, aliyezaliwa wayo wa kushoto umegeukia ndani. Mkunga akamkanda kwa mafuta, akamfunga gome laini, akafungua, akafunga tena. Wayo ukarudi nusu. Nusu ukagoma.

Wenziwe wakatambaa, Mvungi akatambaa. Wenziwe wakasimama dede, Mvungi akasimama dede. Wenziwe wakaenda zao, Mvungi akabaki, kakodoa macho.

Nakunda akakosa raha. Akamwendea Mbuzi. "Wako ulimfundishaje kutembea?"

"Nilimsukuma kwa pua. Mee!"

Nakunda akamsukuma mwanawe. Mvungi pu! Chini.

Akamwendea Kuku. "Wako ulimfundishaje?"

"Nilikaa mbele, nikamwita kwa punje. Ko-ko-ko!"

Nakunda akakaa mbele na ndizi mbivu. "Njoo, baba, njoo!" Mvungi akanyanyua mguu, wayo ukajikwaa kwa mwenziwe, pu! Chini. Ndizi akaila huko huko chini, hana habari.

Akamwendea Kobe, aliyekuwa akijipoza kwenye udongo wa kufinyangia.

"Mama Mvungi, mimi sifundishi, nauliza tu. Ukiwa kazini, mwanao anatazama nini?"

"Ananitazama mimi."

"Wapi?"

"Usoni, wapi tena?"

Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. "Hebu mchunguze vizuri," akasema, akaingiza kichwa ndani.

Sasa sikilizeni. Wafinyanzi wa kwao hawakuuzungusha mtungi, waliuzunguka wenyewe. Mtu anainama, mkono mmoja ndani, mkono mmoja nje, anarudi kinyumenyume, anazunguka, anazunguka, mpaka mtungi usimame. Nakunda alifanya hivyo tangu usichana wake, hata akasahau kwamba anafanya.

Mavuno yakafika. Mama mkwe akaagiza mtungi wa dengelua, ile pombe ya miwa ya sherehe ya ukoo. Udongo ulikuwa wa mwisho, na mto umefurika, hakuna kuchota mwingine. Nakunda akafinyanga kutwa. Mtungi ukasimama, unamfika mtoto kifuani, ukingo bado mbichi. Akaenda mlangoni kunawa mikono.

Kugeuka, haa! Mvungi kasimama, kaung'ang'ania ukingo wa mtungi kwa vidole vyote. Akavuta mguu mzima nyuma. Akavuta mguu mbovu nyuma. Kinyumenyume, kama mama; kumbe siku zote alikuwa akitazama miguu ya mama, si uso. Kwenda mbele, wayo ule ulimtega. Kwenda nyuma, ukapata njia.

Na kila alipojivuta, ukingo ukapinda.

Nakunda akafungua kinywa apige kelele, "We, mtungi!" Akakifumba. Akipiga kelele, mtoto ataanguka. Akimkimbilia, ataacha. Mtungi wa ukoo unaharibika mbele ya macho yake, naye ana hofu na ana furaha, hajui ipi ni ipi. Akachuchumaa pale pale mlangoni.

Mvungi akauzunguka, akauzunguka. Mara akauachia! Akarudi nyuma mikono mitupu, akayumba, akarudi, akayumba, akarudi, mpaka makalio yake yakagonga magoti ya mama. Akatazama juu kuona amegonga nini, akacheka. Nakunda, machozi yakimtoka, akambeba.

Asubuhi akaja mama mkwe.

"Nani kauharibu mtungi wa ukoo?"

"Mjukuu wako, mama."

"Huyu wa kutambaa? Kaufikiaje ukingo?"

"Kwa miguu yake."

Bibi akainama, akazipapasa alama za vidole vile vidogo, moja baada ya moja, mpaka akamaliza mzunguko wote.

"Usiunyooshe," akasema. "Uchome hivyo hivyo."

Kwenda mbele Mvungi alijifunza baadaye, akichechemea kidogo, na hakuna aliyemsukuma.

Nanyi mnaolea, mtoto akichelewa, acheni kwanza kumwita. Tazameni anatazama nini.

Ngano yangu naitua hapo, mwenye yake aitwike. Na mkisikia kwamba dengelua ile ilimwagikia upande mmoja kwa sababu ya ukingo kupinda, ni kweli. Mimi nilikuwa nimekaa upande huo.