Nani Amtoe Mtoto Juani

Sogeeni. Leo sina hadithi ya kulalia, nina kesi, na mahakimu ni nyinyi. Kila mtu aje na akili yake mwenyewe, asiazime ya jirani. Na wale wanaopenda kusema "wote wameshinda, tuyamalize hivyo," nawaomba waondoke sasa hivi, maana jibu lenu nimelikataa kabla hamjafungua kinywa.

Kijiji kinaitwa Kwamshai, juu mlimani kwenye tangawizi na ukungu. Hapo palikuwa na nyumba moja yenye watu watatu wenye vipaji.

Bi Tabea, mama wa nyumba, kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Mwanamke yule hakusahau kitu. Ukiazima sindano yake mwaka wa njaa, atakukumbusha siku ya harusi ya mwanao, tena mbele ya wakwe.

Elinami, mwanawe wa mwisho, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, kipaji chake kilikuwa miguu. Alibeba magunia ya tangawizi kuteremka mpaka gulioni bondeni, akarudi kabla chai aliyoiacha haijapoa. Haya, haijapoa sana.

Yunesi, binti wa Bi Tabea, kipaji chake ni kigumu kukieleza. Alijua kilichomkaa mtu moyoni. Unaingia kwake unacheka, yeye anakuuliza ulikuwa unalia nini. Kuna watu walizunguka njia ili wasikutane naye.

Humo humo ndani alikaa Nakiete, mke wa mtoto mkubwa wa Bi Tabea. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Nakiete alikuwa mjamzito, na alikuwa anaogopa. Mimba yake ya kwanza aliandaa begi la kujifungulia mapema, begi la bluu, kila kitu kimekunjwa vizuri, na juu kabisa akaweka kofia nyeupe ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Alikwenda zahanati na begi, akarudi na begi. Mtoto hakurudi. Kofia haikuvaliwa.

Kwa hiyo safari hii alimwambia mkwewe, "Mama, sitaki kuona begi ndani ya nyumba hii. Siku ikifika, tutajua."

"Sawa, mwanangu," akasema Bi Tabea.

Lakini mtu ambaye kipaji chake ni kukumbuka, utamwambia asahau? Bi Tabea alianza kukusanya kidogo kidogo. Leo wembe mpya, kesho pamba. Siku nyingine glavu, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika kitandani, sabuni, kanga nne alizofua na kuzianika nyuma ya nyumba ili mkwe asizione. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyetupa kitu, alivitia vyote katika begi lile lile la bluu, na juu akaweka kofia ile ile nyeupe. Kwake ilikuwa kofia nzima, haina hata uzi uliochomoka. Akalificha begi ghalani, chini ya magunia.

Siku moja Yunesi aliingia ghalani kutafuta gunia, akaliona. Akafungua zipu. Alipoiona kofia, alikaa chini sakafuni, maana alikuwepo siku ile wifi yake anarudi ameishika mkononi. Hakumwuliza mama yake. Aliitoa kofia, akaificha kwenye nguo zake, akafunga zipu, akarudisha magunia juu. Hakumwambia mtu.

Sasa sikilizeni vizuri.

Uchungu ulimjia Nakiete kabla ya wakati wake, mchana, katikati ya gulio. Alikuwa amesimama na fungu la tangawizi mkononi, chupa ya uzazi ikapasuka. Yunesi na Bi Tabea walimshika huku na huku, wakamwingiza zahanati iliyo pale pale bondeni. Nesi alimpima, uso ukabadilika.

"Mtoto yuko njiani, na ni mdogo. Vifaa vyake viko wapi?"

Nesi akafungua mlango wa stoo.

"Mama zangu, mvua imekata barabara, gari la vifaa halijafika. Stoo nina maboksi matupu. Sina glavu, sina wembe, sina cha kumfutia. Nimwache aanguke kwenye saruji?"

Bi Tabea alimsogelea nesi. "Vipo," akasema. "Viko nyumbani, ghalani, chini ya magunia."

Nakiete aligeuza kichwa kitandani. "Mama. Uliandaa begi?"

"Niliandaa, mwanangu."

"Nilikuomba!" Akageukia ukutani, akalia.

Yunesi alitoka mbio mpaka kwa kaka yake, aliyekuwa anashusha mzigo. "Elinami, panda nyumbani ukalete begi la uzazi, liko ghalani chini ya magunia."

"Mimi?" Elinami akatazama wanaume wenzake. "Begi la wanawake? Nipite nalo hapa gulioni? Mtume mtu mwingine."

"Mtu gani mwingine atafika na kurudi?"

Elinami alisimama pale akijikuna ndevu, na wakati ukawa unakwenda. Dada yake akamshika shati. "Shemeji yako yuko kwenye kufa na kupona, wewe unawaogopa wauza tangawizi?"

Hapo ndipo alipotimua. Alipanda mlima mguu niponye, akarusha magunia pembeni, akalichukua begi. Kwenye kurudi akakuta kijito kimejaa. Asubuhi kilimfika magotini, sasa kilimfika kifuani, kinateremka na magogo. Kuna watu walikuwa wamesimama ukingoni wakisubiri maji yapungue. Yeye hakusubiri. Alijitwika begi kichwani na kuingia. Gogo lilimpiga ubavuni akayumba, maji yakampanda mpaka kidevuni, lakini mikono haikushuka. Alitoka ng'ambo bila viatu, akakatiza gulio zima na begi la uzazi kichwani. Hakuna aliyecheka.

Begi lilifika kavu. Mnadhani yamekwisha? Bado.

Nakiete alipoliona lile begi la bluu, alilinyakua, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. "Hili nalijua," akasema. "Ndilo lile. Halifunguliwi. Mkilifungua, na huyu ataondoka."

"Mama, legeza miguu," nesi akamwambia. "Mtoto anataka kutoka."

Nakiete akazidi kubana. Bi Tabea alivuta begi, mkwe akavuta. Nesi akawaambia kwa sauti ya chini, "Akiendelea kujibana hivi, mtoto atamfia ndani." Bi Tabea, mwanamke yule wa chuma, akaliachia begi.

Yunesi alipiga magoti kando ya kitanda, mdomo karibu na sikio la wifi yake.

"Wifi, kofia haimo."

Nakiete akafumbua macho.

"Niliitoa kwa mkono wangu. Fungua uone mwenyewe."

Nakiete alivuta zipu polepole, akachungulia. Juu palikuwa na kanga, kanga tupu. Akapumua. Akalisukuma begi kwa nesi, akalegea, na mtoto akaja.

Alikuja kimya. Msichana, mdogo, mlegevu, rangi ya majivu. Nesi alimfuta kwa kanga ya kwanza, akamsugua mgongo kwa ya pili, akimwita, "Mama, mama, njoo, njoo basi." Chumba kizima kilikuwa roho mkononi. Kisha mtoto akakohoa, akalia, na Elinami aliyekuwa nje ya dirisha naye akalia bila aibu.

"Anapoa," nesi akasema. "Kichwa chake kifunikwe haraka. Kofia!"

Bi Tabea alimgeukia binti yake. "Nilikuwa nimeiweka!"

Yunesi alivua kilemba chake, kitambaa kikavu, wakamfunga nacho mtoto kichwani na kumlaza kifuani kwa mama yake. Joto likarudi taratibu. Mtoto akaishi.

Sasa kesi yenyewe. Kwamshai wana desturi yao. Mtoto mchanga hatolewi nje mpaka kitovu kianguke. Siku hiyo mtu mmoja, mmoja tu, humbeba kuvuka kizingiti na kumwonesha jua. Huyo ndiye ambaye mtoto atamsalimia wa kwanza kila sikukuu mpaka mwisho wa maisha yake, na siku ya kuposwa, bila neno lake posa haipokelewi. Nakiete alikuwa ameahidi: atakayemtoa ni yule aliyempa mtoto huyu.

Siku ikafika, wakakusanyika mlangoni. Baba wa mtoto alikuwa amerudi, akasema, "Mimi sikuwepo. Aamue aliyekuwepo."

"Bila mimi," akasema Bi Tabea, "begi lingekuwa tupu."

"Na uliandaa kitu ulichokatazwa, Mama," Yunesi akamjibu, "ukatia na kile ambacho kingemmaliza."

"Bila mimi lingebaki mlimani," akasema Elinami, mkono kwenye ubavu ambao bado ulimuuma.

"Na ulisimama kwanza kujikuna ndevu," mama yake akamwambia.

"Bila mimi lisingefunguliwa," akasema Yunesi.

"Na bila wewe mtoto asingepoa kichwa!" wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Wakazozana mpaka jua likagusa kizingiti. Ndipo Nakiete, mtoto mikononi, akasema, "Wifi. Kofia unayo?"

Yunesi aliitoa kifuani. Nakiete aliipokea, akaikunjua, akaitazama muda mrefu. Machozi yalimtoka.

"Ilifumwa kwa ajili ya dada yake," akasema. "Leo nataka mwanangu atoke nayo. Atakayemtoa ndiye atakayemvika. Kwa hiyo msinigombanie. Nyamazeni nifikiri."

Mikono mitatu ikanyooshwa mbele yake: ya aliyeitunza kofia ile wakati mwingine angeitupa, ya aliyevusha begi majini, ambamo kofia haikuwemo, na ya aliyeificha ili mwenye uchungu asiione. Nakiete amesimama na mtoto mkono huu, kofia mkono huu, anawatazama mmoja mmoja.

Na mimi namwacha hapo hapo, maana nimeshindwa. Msinitazame mimi. Wewe uliyekaa karibu na mlango, anza: ungekuwa Nakiete, kofia ile ungeitia katika mkono wa nani?