Baiskeli ya Mzee Kidunda

Niite muongo sasa hivi, umalize, maana nikifika mwisho utaniomba radhi.

Mtaani kwetu Kondoa walikuwapo watatu. Mashavu, mama mrina asali, hupanda hata pale paka anapokataa. Mwalimu Shomvi akishika maneno, mwenye haraka hukaa chini. Na Tekelo, aliyeikimbia shule darasa la sita, lakini mtambo ukimwona hujieleza wenyewe. Usicheke. Wewe na cheti chako unajua nini?

Siku hiyo alifariki Mzee Kidunda, fundi redio. Binti yake Aziza, aliyeko Maskati, aliomba kitu kimoja: auone uso wa baba kwenye simu kabla hajazikwa. Mtaa mzima hutegemea ruta moja ya Wai-Fai, iliyofungwa juu ya tangi la maji. Sanda ikafunuliwa. "Ba..." Aziza akaanza, picha ikakatika.

"Maiti haisubiri mtandao," Shehe akasema.

"Nipe dua moja tu, Shehe," Shomvi akaomba. Ile moja ikazaa saba. Nani anyanyue jeneza watu wakiitikia amina?

Mashavu akafunga kanga kiunoni, akaparamia nguzo za tangi.

"Mama Mashavu, utaanguka!"

"Nianguke kwani kuna nyuki huku?" Akaifungua ruta, akaiteremsha kwa waya hadi kwa Tekelo.

Tekelo akaitazama mara moja. "Kuna mtu anairushia ujumbe mbovu. Ikiumeza inapaliwa, inazima. Ikiwaka, anairushia tena." Akaingiza programu ya kuziba tundu ambalo ujumbe huo hupenyea, aliyokuwa nayo tayari.

Picha ikarudi. Aziza akamtazama baba yake, akamsomea Fatiha. Kisha akasema, "Baiskeli ya baba apewe aliyenirudishia uso wake."

Baiskeli moja, watu watatu. Bila dua, kaburi lingeshafukiwa. Bila mpandaji, ruta isingefikiwa. Bila fundi, ingezima tena.

"Mpeni Tekelo," Shomvi akasema. "Mtoto ana akili huyu."

Tekelo akatazama kandambili zake.

Haya, wewe ungempa nani?

Ngoja. Kuna kipande nimekiruka. Simu iliyorusha ule ujumbe ilikuwa mfukoni mwa Tekelo. Asubuhi aliwaonyesha wenzake kijiweni jinsi mtu wa darasa la sita anavyouzima mtandao wa mtaa mzima, akaja msibani bila kuizima simu hiyo.

Na Tekelo ni mimi. Baiskeli imeegemea ukuta wetu hadi leo, tairi zimeisha upepo, sijaipanda hata mara moja.

Haya, amua tena.