Kwetu Hatuhami

Palikuwa na binti mmoja aliyekuwa akitengeneza gemu ya kompyuta. Wazazi, msikunje uso. Haikuwa gemu ya kupigana risasi. Ilikuwa gemu ya kufikiri. Mchezaji anapewa ukoo wa watu ishirini na bonde moja tupu, naye anatakiwa kuufikisha ukoo huo mwisho wa misimu saba ukiwa hai. Kisima kichimbwe wapi? Ghala lijengwe juu kilimani au chini karibu na mto? Wangapi walime, na wangapi walinde mahindi dhidi ya nguruwe pori? Mvua kubwa ikija, ghala la mtoni linakwenda na maji. Ukame ukija, kisima kifupi kinakauka. Ukoo ukiisha, mchezo umeisha, na unaanza upya.

Binti alikuwa amehangaika na gemu hiyo miaka miwili, akiishi kwa shangazi yake mjini. Shangazi huyo alikuwa amelima maisha yake yote kwenye milima ya Umatengo, mpaka goti lilipomkatalia miteremko. Sasa alikaa mjini, mguu juu ya kigoda, na midomo ambayo haikustaafu.

Baba wa binti naye alikuwa na mashine ya kusaga huko kijijini, na uvumilivu wake ulikuwa ukingoni. "Nakupa hadi Pasaka," alimwambia. "Ikifika Pasaka hakuna aliyeipokea hiyo gemu yako, unarudi nyumbani kushika mashine."

Mjini palikuwa na ukumbi wa kompyuta wa vijana, na msimamizi wake alikuwa mtu wa maneno machache. Binti alimwendea. Msimamizi akaitazama gemu, akajikuna kidevu.

"Dada, gemu za kuchezwa mara moja ninazo kabati zima," alisema. "Jumamosi hii nitawaita vijana kumi na wawili waijaribu. Jumamosi inayofuata sitamwita mtu. Wakirudi wenyewe, naipokea, na itawekwa kwenye kumbi zetu zote. Wasiporudi, tunaachana kwa amani."

Jumamosi ya kwanza ukumbi ulikuwa shangwe tupu. Wapo walioshinda mara ya kwanza, wapo walioshinda mara ya pili. Walipiga makofi, walimpongeza. "Kali sana, dada!" Binti alirudi nyumbani akiwa haioni njia kwa furaha.

Jumamosi ya pili alikuta ukumbini mtu mmoja tu, mama wa usafi, akipiga deki.

Je, alikata tamaa? Alikaa kidogo kwenye ngazi, akafuta uso, akainuka akaenda kuwatafuta. Aliwakuta vijana wawili kwenye banda la maandazi ng'ambo ya barabara.

"Mbona hamkuja?"

Wa kwanza alimeza kwanza ndipo akajibu. "Si nilishinda, dada? Nimeshajua: kisima katikati, ghala kilimani, walinzi wanne. Sasa nirudie ya nini?"

"Na wewe?"

Wa pili alitazama chini. "Mimi nilishindwa mara tatu. Kila nikianza, ni kama sijawahi kufika pale. Bonde jeupe. Nikachoka."

Wapendwa, yashikeni majibu hayo mawili. Aliyeshinda hakurudi, na aliyeshindwa hakurudi.

Binti alimwendea tena msimamizi. Alimwomba Jumamosi mbili tu, zile za mwisho kabla ya Pasaka. Msimamizi akakubali, kwa sharti lile lile, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mtu anayekuomba akiwa amesimama wima hivyo. Binti akarudi nyumbani, akajifungia na kazi. Aliongeza muziki. Aliongeza nyota za dhahabu zinazoanguka mtu akivuna. Aliongeza hata simba.

Wakati huo wote, kila siku baada ya chakula cha mchana, shangazi alivaa miwani, akasogeza kigoda, akafungua kompyuta yake kuukuu, akacheza. Tena alicheza akishindwa. Gemu ile ilimtaka mchezaji akipe kijiji chake jina, basi kijiji chake cha kwanza alikiita Kwetu. Kilipokufa, akaanzisha Kwetu Tena. Kikafuata Kwetu Bado. Kikafuata Kwetu Bado Bado. Jumatano moja alikuwa ameanguka mara ya kumi na tisa, na binti, akimsikia kutoka chumba cha pili akiwagombeza nguruwe pori kama vile wako uani, moyo ulimuuma.

Alijua tatizo. Kompyuta ya shangazi ilikuwa na gemu ya zamani kabisa, yenye kosa. Kila mchezo mpya ulipoanza, gemu ilitakiwa kuisafisha ardhi yote, ila binti alisahau kuandika amri hiyo. Basi kila ukoo mpya ulishuka bondeni na kukuta kisima kilichoporomoka cha ukoo uliopita, sakafu ya ghala lililobebwa na maji, matuta ya shamba la zamani yenye majani. Kwenye gemu ya ukumbini kosa hilo alilirekebisha mapema sana. Kwa shangazi hakuwahi kupata nafasi.

"Maskini," alijisemea. "Ndiyo maana hashindi. Anajikwaa kwenye magofu."

Alhamisi, shangazi alipokwenda mazoezi ya kwaya, binti akamwekea gemu mpya. Safi, yenye muziki, yenye nyota. Alifanya hivyo kwa upendo. Kumbukeni hilo: alifanya kwa upendo.

Shangazi alirudi, akavaa miwani, akafungua. Muziki ukalia. Akatazama bonde lile kwa muda mrefu, akafunga kompyuta, akavuta ungo wa maharage akaanza kuchambua. Ijumaa mchana hali ikawa ile ile: ungo, maharage, kimya. Na shangazi kukaa kimya lilikuwa jambo la kumwitia daktari.

"Shangazi, leo huchezi?"

"Sichezi."

"Jamani, mbona? Nimekuwekea mpya. Na kile kisima kibovu kilichokuwa kinakuzibia njia nimekuondolea."

Mkono wa shangazi ulisimama juu ya ungo. "Kibovu?"

"Si kilikuwa kimeporomoka?"

"Kiliporomoka, ndiyo. Nilikichimba wakati wa Kwetu Bado, nikafanya haraka, kikaniulia watu. Lakini maji yapo pale, mwanangu! Tangu siku ile nimechimba hatua tatu kando yake, sijakosa maji hata mara moja. Na lile korongo la kulia ndiko mvua ilikobebea ghala langu. Nikapanda matete pale, korongo likatulia. Wewe umekuja umenifutia vyote, ukaniletea nyota."

"Lakini ulikuwa unashindwa kila siku, shangazi!"

"Nani kakuambia nilikuwa nashindwa? Mwanzo nilikuwa nakufa msimu wa pili. Jumatano nimefika wa sita." Alivua miwani akamtazama binti kwa macho yake mwenyewe. "Sikiliza. Kule kwetu milimani, mabua na majani ya mwaka jana hatuyachomi moto. Unayalaza chini, mistari kwa mistari, mpaka yanafanya miraba. Halafu unachimba shimo katikati ya mraba, na udongo unautupa juu ya yale majani. Hilo ndilo tuta lako, hapo unapanda maharage. Yale ya mwaka jana yanaoza chini, ndiyo yanayolisha ya mwaka huu. Mlima umesimama vile, na mvua ile, na udongo hauendi. Sasa bonde lisilokumbuka kitu, mimi nitalilima vipi?"

Binti aliitazama ile kompyuta iliyofungwa.

"Na huyo simba," shangazi aliongeza, akirudi kwenye maharage yake, "anakula nini? Bondeni sijaona hata swala mmoja."

Binti alirudi chumbani, akakaa mbele ya kazi yake. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, ya kwanza kati ya zile mbili za mwisho. Alimkumbuka yule kijana wa banda la maandazi: kila nikianza, ni kama sijawahi kufika pale. Bonde jeupe.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mngepeleka kwa watu kitu chenye kosa, na siku zimekwisha? Binti alitoa nyota. Alitoa muziki. Alimtoa simba. Halafu akaitafuta ile amri ya kusafisha ardhi, mstari mmoja tu kati ya maelfu, akaufuta. Kisha akaenda sebuleni akamrudishia shangazi gemu yake ya zamani, pamoja na bonde lake na magofu yake yote, kwa maana nakala alikuwa ameitunza. Shangazi hakusema asante. Alivuta kigoda, akaandika jina la kijiji kipya: Kwetu Hatuhami.

Jumamosi ukumbini hakukuwa na makofi. Msichana mmoja wa sekondari alisukuma kiti nyuma akapaza sauti: "Dada, gemu yako imeharibika! Nimeanza upya, na kisima changu kilichoporomoka bado kipo!"

"Najua."

"Sasa kinifanyie nini?"

"Kiangalie vizuri. Kilipoporomoka, maji yalikuwa upande gani?"

Msichana akavuta kiti karibu.

Saa sita mchana hapakuwa na hata mmoja aliyefika msimu wa saba. Waliondoka wamenuna, wakibishana mlangoni. Msimamizi alitikisa kichwa. "Mara ile angalau walipiga makofi," alisema.

Wiki hiyo binti alifungasha begi lake. Alilifunga zipu, akaliweka nyuma ya mlango. Jumamosi akaamka, akatembea mpaka ukumbini. Hakukubali kuambiwa na mtu mwingine jinsi kazi yake ilivyokufa.

Ukumbi ulikuwa haujafunguliwa. Kwenye ngazi alikuwa amekaa yule msichana wa sekondari, magoti pamoja, uso ameukaza.

"Dada, ardhi yangu mmeifuta?"

"Haijafutwa."

"Basi mwambieni msimamizi afungue. Wiki nzima nafikiria lile korongo. Najua sasa pa kuweka ghala."

Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine wawili, bado wakibishana. Kufika saa nne viti havikutosha, na yule aliyesema "nirudie ya nini" alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mwenzake, akingoja zamu.

Na shangazi je? Jumamosi hiyo hiyo Kwetu Hatuhami ilianguka msimu wa saba, mavuno yakiwa karibu. Shangazi alicheka mpaka machozi, akaifuta miwani kwa kanga, akaanza tena.

Sasa tugeuke tujitazame sisi.

Binti yule alidhani gemu inayostahili kurudiwa ni ile yenye nyota nyingi. Wengine wakadhani ni ile unayoishinda. Kumbe ni ile ambayo kushindwa kwako kwa jana kunakuwa ardhi ya leo. Na sisi, kila Jumapili tunakuja hapa kumwomba Mungu nini? Tunaungama haraka haraka, halafu tunaomba bonde jeupe. Tunataka Jumatatu ianze kana kwamba hatujawahi kuanguka. Ndiyo maana tunaangukia korongo lile lile, maana tumeomba lifunikwe tusilione.

Kusamehewa na kusahaulishwa ni mambo mawili, wapendwa, nasi tunayachanganya. Mungu husamehe hatia yote, habakizi hata punje. Hilo msilitilie shaka. Lakini korongo lililobeba ghala lako hakuliziba. Ameliacha pale ili upande matete.

Wewe baba uliyeacha pombe mara nne, ukairudia mara nne: usije mbele hapa kuanza mara ya tano kama mtu asiyewahi kufika pale. Njia gani ilikupeleka kilabuni? Si ile ya mkato, nyuma ya soko? Basi hiyo unaijua kuliko mhubiri yeyote. Panda matete kwenye njia hiyo. Wewe mama uliyegombana na mdogo wako, mkapatana, mkagombana tena: neno lililoporomosha kisima unalijua. Chimba hatua tatu kando yake. Maji yapo. Na wewe mtoto uliyeko mbele hapa, uliyefeli hesabu, usichane ile karatasi. Ifungue. Kila alama nyekundu inakuonyesha pa kuchimba.

Mkidhani haya ni maneno ya gemu tu, mtazameni Bwana wetu. Alipotoka kaburini, alishindwa kuwa na mikono isiyo na alama? Aliyeshinda mauti alishindwa kufuta makovu? Hakuyafuta. Alirudi nayo, akawaonyesha rafiki zake, na waliokuwa wamejifungia kwa hofu wakafurahi.

Kesho asubuhi tunashuka tena, bonde lile lile, magofu yale yale, na neema ya kutosha msimu mmoja zaidi. Nguruwe pori watakuja. Mvua itakuja. Tutakutwa tunachimba. Na atakayesimama kando akatuuliza, baada ya kuanguka kote kule, kijiji chenu hiki sasa kinaitwaje, tumjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye jembe:

Kwetu Hatuhami.