Vifaranga wa Subilaga Walipotolewa Jikoni

Hapo zamani, tena zamani yenyewe ya juzijuzi tu, wazazi wenu walikuwa wameshaoana, mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita huko milimani Rungwe ukamaliza kuku wa kijiji kizima. Kukacha, jogoo hawiki. Akabaki kuku mmoja tu, wa mjane aitwaye Subilaga. Kuku huyo akaangua vifaranga kumi na wawili, halafu naye akafa. Nyie mnaosinzia huko nyuma, mmesikia? Kumi na wawili, basi. Wakifa hao, mbegu imekwisha.

Subilaga akawalea jikoni, ndani ya kasha, kando ya jiko la mkaa. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, mpaka ya tano. Wakaota manyoya, wakaanza kudonoana, wakaanza kurukia makaa. Ikabidi watoke nje. Hapo ndipo hofu ilipomkamata mama wa watu. Nje kuna baridi. Nje kuna mwewe. Nje kuna siafu, na siafu wakiingia bandani hawabakizi kitu.

Akasema mbele ya watu: "Atakayewavusha hawa mpaka wazoee nje, tetea wa kwanza kutaga ni wake."

Fundi Ambakisye akajenga banda la miguu minne, kila mguu akauchomeka ndani ya kopo la oili chafu. "Siafu hawavuki oili, mama. Wewe lala usingizi." Lakini mafundi mnawajua! Mbao zikamwishia, akaacha upenyo wa kiganja ukuta wa nyuma, akaenda zake.

Tumpe, mke wa mwanawe Subilaga, akawazoesha baridi. Leo jikoni makaa sita, kesho matano, keshokutwa manne, mpaka jiko likazimwa kabisa. "Tukiwatoa kwenye moto ghafla, mama, watakufa wote." Siku ya kuhama, upepo ukapenya kwenye ule upenyo, vifaranga wakarundikana kona moja, wa chini wakawa wanakosa pumzi. Tumpe akawapangua kwa mikono. Akakata majani ya mgomba, akaziba upenyo, majani yakaning'inia mpaka chini.

Siku ya kwanza wakawa hai. Siku ya pili wakawa hai. Subilaga alikuwa akienda kuwahesabu, anarudi ndani, anatoka tena kuwahesabu.

Siku ya tatu mvua ikanyesha asubuhi. Ilipokatika, Subilaga na Tumpe wakaenda mashineni kusaga. Wakati wa kurudi, wakiwa bado mbali, Subilaga akasikia vifaranga wakilia. Kilio kikapanda, kikapanda, halafu kikakatika. Kule kunyamaza ndiko kulikommaliza. Alitupa ndoo ya unga akakimbia, kilemba kikamdondoka hakukiangalia.

Ukuta wa nyuma wa banda ulikuwa mweusi tii kwa siafu. Walikuwa wamepandia kwenye majani ya mgomba. Mlango uko wazi. Ndani hakuna hata kifaranga mmoja.

"Yesu wangu!" Akakaa kwenye tope.

Ndipo aliposikia mlio kutoka jikoni kwa jirani yake, Sekela. Akaingia bila hodi. Sekela alikuwa amekaa chini, vifaranga wako ndani ya kanga, anawabandua siafu mmoja mmoja. Miguu yake mwenyewe inachuruzika damu, siafu wangali wameng'ata. Subilaga akahesabu huku analia. Kumi na wawili.

Kisha wazo likamjia. "Sekela, nyumbani hakukuwa na mtu. Kwangu ulifuata nini?"

Mwanamke yule angeweza kusema amekuja kuomba moto. Angeweza kusema chumvi. Akainamisha kichwa.

"Nilikuja kuiba. Mmoja tu, mama. Kuku wangu wote walikwisha. Nimefungua mlango, nikakuta siafu wanaingia. Ningeweza kuchukua wangu nikakimbia. Nimeshindwa."

Miezi ikapita, tetea wa kwanza akataga. Wenye madai wakaja.

Ambakisye akasema, "Bila makopo yangu, siafu wangepanda kwa miguu yote minne tangu siku ya kwanza. Huyo Sekela angekuta mifupa."

"Na upenyo wako je?" akadakia Tumpe. "Bila mimi wangekufa kwa baridi, hao siafu wangekuta mizoga!"

"Na majani yako je? Si ndiyo yaliyowapa siafu njia?"

Sekela alisimama nje ya ua, hakuingia. "Mimi ni mwizi, sina la kudai. Ila siafu walipoingia, nyinyi mlikuwa wapi?"

Subilaga amemshika tetea kifuani. Akimpa Ambakisye, Tumpe atanuna, na ndiye anayeishi naye nyumba moja. Akimpa Tumpe, fundi hatakanyaga tena kwake. Akimpa Sekela, kesho kila mwenye njaa ataingia kwenye banda la mwenziwe. Akimnyima, siku siafu wakirudi, nani atatia miguu yake mle kwa ajili ya mali isiyo yake?

Haya, msinitazame mimi, kuku si wangu. Semeni nyinyi: tetea yule, nani alimstahili?